Uungwana wa Kununua na Uungwana wa Kujifunza: Vitabu vya Adabu vya Richard Brathwait, 1630–1641

Waswahili husema kwamba uungwana ni vitendo. Methali hii twaitumia kila siku, nasi walimu tumewaandikisha wanafunzi insha nyingi juu yake. Lakini ni mara chache tunapokumbuka kwamba ndani yake mna ugomvi. Methali husemwa kumjibu mtu, na anayejibiwa hapa ni yule adaiye kwamba uungwana ni nasaba, au mali, au joho alilolivaa. Katika makala haya tunakusudia kuuchungua ugomvi huo kama ulivyozuka katika nchi nyingine na zama nyingine, yaani Uingereza ya karne ya 17, kwa kuvitazama vitabu viwili vya adabu vilivyotungwa na mtu mmoja, Richard Brathwait. Kitabu cha kwanza, The English Gentleman, kilipigwa chapa London mwaka 1630. Cha pili, The English Gentlewoman, kilifuata mwaka 1631. Majina hayo tutayafasiri kuwa Muungwana wa Kiingereza na Bibi Muungwana wa Kiingereza.

Yafaa tulieleze kwanza neno hilo tulilolichagua. Katika pwani yetu, muungwana kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Kisha neno likapanuka likawa na maana ya mtu mwenye adabu na utu. Huko Kongo ya mashariki, katika karne ya 19, watu wengi walioandamana na misafara ya wafanyabiashara wa pwani walijiita Wangwana, ijapokuwa baadhi yao walikuwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa. Na lugha waliyoieneza ikaitwa Kingwana. Jina la mtu huru lilichukuliwa na watu walionyimwa uhuru, nao walilishika kwa njia ya mavazi, dini na lugha. Neno la Kiingereza nalo lilikuwa na safari inayofanana na hiyo. Mzizi wake wa Kilatini wahusu ukoo, na kwa muda mrefu lilimtaja mtu aliyezaliwa katika ukoo wenye ardhi na nembo; hatimaye likaja kumtaja mtu mwenye mwenendo mwema, awe ni nani kwa kuzaliwa. Vitabu vya Brathwait vimesimama katikati ya safari hiyo, na ndiyo sababu vinastahili kusomwa.

Vyeo vilipokuwa na bei

Ni nani aliyekuwa muungwana katika Uingereza ya wakati ule? Jibu la zamani lilikuwa jepesi: ni yule ambaye baba yake na babu yake walikuwa waungwana. Lakini mwaka 1577 kasisi mmoja aitwaye William Harrison, katika maelezo yake ya nchi ya Uingereza, aliandika jambo ambalo kila mtu alilijua na wachache walipenda kulikiri. Alieleza kwamba mtu akisoma sheria au akikaa katika chuo kikuu, akaweza kuishi bila ya kazi ya mikono, na akaweza kumudu gharama na sura ya muungwana, basi kwa fedha atapewa nembo ya ukoo na wakuu wa nembo, nao watamtafutia na historia ya kufaa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa familia ya Shakespeare, ambaye tamthilia zake mbili zilifasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere. Baba yake, John Shakespeare, alikuwa mshona glavu katika mji wa Stratford. Mwaka 1596 alipewa nembo, na tangu hapo yeye na mwanawe wakahesabiwa kuwa waungwana. Mwaka 1602 ofisa mmoja wa nembo alilalamika kwamba heshima hiyo imegawiwa watu duni, na miongoni mwa majina aliyoyataja lilikuwemo hilo la Shakespeare mwigizaji.

Wafalme wenyewe waliongeza moto. James wa Kwanza, aliyeanza kutawala Uingereza mwaka 1603, aligawa cheo cha Sir kwa mamia ya watu katika mwaka huo mmoja. Mwaka 1611 akabuni cheo kipya cha baroneti, ambacho kilirithiwa na ambacho kiliuzwa waziwazi kwa pauni 1,095. Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu aweza kuwapa wanafunzi waifanye: mnunuzi alitakiwa kugharimia askari 30 katika Ayalandi kwa muda wa miaka 3, kila askari pensi 8 kwa siku. Askari 30 mara pensi 8 ni pensi 240, ambazo zilikuwa pauni moja kamili. Na miaka 3 ina siku 1,095. Haukupita muda mrefu kabla bei hiyo haijaporomoka, maana bidhaa ikizidi sokoni hushuka thamani, hata ikiwa bidhaa yenyewe ni heshima.

Mwanawe, Charles wa Kwanza, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1630, mwaka uleule kilipotoka kitabu cha Brathwait, serikali yake iliufufua ushuru wa kale: kila mwenye ardhi ya kumwingizia pauni 40 kwa mwaka, ambaye hakujitokeza kupokea cheo cha Sir wakati wa kutawazwa kwa mfalme, alitozwa faini. Baba aliwauzia watu vyeo walivyovitaka. Mwana akawatoza kwa vyeo wasivyovitaka. Faini hizo ziliendelea kuwaudhi wenye ardhi mpaka Bunge lilipozifuta mwaka 1641.

Katika hali kama hiyo, si ajabu kwamba vitabu vya adabu vilipata wanunuzi. Waswahili husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto wa tajiri mpya wa London hakuweza kufunzwa na mamaye namna ya kuinama mbele ya lodi, kwa kuwa mamaye naye hakujua. Basi alifunzwa na kitabu. Mapokeo ya vitabu hivyo yalikuwepo tayari. Mwitalia Castiglione alikuwa ametoa kitabu chake juu ya mtu wa ikulu mwaka 1528, nacho kikafasiriwa kwa Kiingereza na Thomas Hoby mwaka 1561. Waingereza nao walikuwa na kitabu cha Thomas Elyot cha mwaka 1531, na cha Henry Peacham cha mwaka 1622. Brathwait aliingia katika uwanja uliokwisha kulimwa.

Mwandishi na kazi yake

Richard Brathwait alizaliwa mwaka 1588 karibu na mji wa Kendal, kaskazini mwa Uingereza, katika familia yenye ardhi. Alisoma Oxford, kisha Cambridge, kisha akaingia Gray's Inn, mojawapo ya vyuo vya wanasheria jijini London. Lakini alivutiwa zaidi na ushairi kuliko sheria. Baada ya hapo alirudi kwao, akawa bwana wa mashamba na hakimu wa amani. Inasimuliwa kwamba majirani walimwita Dick mtanashati kwa jinsi alivyovaa vizuri. Zaidi ya hayo, mtu huyu aliyeandika sura nzima juu ya kiasi ndiye aliyetoa mwaka 1638, bila ya kutia jina lake, masimulizi ya kishairi ya Barnaby, mlevi anayesafiri kutoka kilabu hadi kilabu, kwa Kilatini na kwa Kiingereza. Siri hiyo ilikaa hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo mwandishi akatambuliwa. Hatulitaji jambo hili ili kumcheka. Twalitaja kwa sababu latuonyesha kwamba mwandishi wa adabu aliijua vizuri dunia aliyokuwa akiionya.

Muungwana wa Kiingereza ni kitabu kinene, chenye zaidi ya kurasa 400, nacho kimegawanywa katika sehemu nane: Ujana, Tabia, Malezi, Kazi, Burudani, Marafiki, Kiasi na Ukamilifu. Mbele ya kitabu pana picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba: muungwana amesimama katikati, na pembeni mwake vimo visanduku nane, kila kimoja kikionyesha sehemu mojawapo. Iko na karatasi ya kuifafanua picha hiyo, alama kwa alama. Mwalimu wa leo ataitambua mara moja njia hiyo ya kufundisha. Ni ubao wa darasani uliochorwa kabla ya ubao kuingia darasani.

Hoja kuu ya kitabu ni kwamba alama ya kweli ya uungwana ni wema wa mtu, wala si ukubwa wa nafasi aliyonayo. Malezi, asema Brathwait, yapaswa kumpa kijana mambo matatu: maarifa, mazungumzo na matendo. Burudani kama kuwinda kwa mbwa na kwa mwewe zakubalika, ila zisile mali wala muda wote. Na nyumba za kamari ziepukwe. Rafiki achaguliwe kwa kupimwa, wala asiokotwe mezani. Lakini fundisho lililo zito kuliko yote limo katika sehemu ya Kazi. Kipimo cha Harrison kilikuwa kwamba muungwana ni mtu awezaye kuishi bila ya kazi ya mikono. Brathwait hakuthubutu kumpeleka shambani, lakini alisisitiza kwamba hakuna mtu, hata awe wa ukoo gani, aliyesamehewa kuwa na kazi ya kuitumikia nchi yake. Cheo kisicho na kazi kwake kilikuwa aibu.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lote. Brathwait alikuwa mtu wa tabaka la wenye ardhi, naye aliandika ili kulirekebisha na kulihifadhi tabaka hilo. Lakini silaha aliyoitumia ilikuwa na makali pande mbili. Ikiwa uungwana ni wema, na wema hufunzwa, na mafunzo yake yamo kitabuni, na kitabu huuzwa kwa mtu yeyote mwenye fedha, basi mtoto wa mshona glavu aweza kuwa muungwana zaidi ya mtoto wa lodi. Mwandishi hakulisema hilo kwa uwazi huo, na yamkini asingelipenda kulisikia. Hata hivyo kila mnunuzi asiye na nembo aliweza kulisoma katikati ya mistari. Kitabu kilichokusudiwa kuwa ua wa kuwazuia watu kikawa na lango.

Bibi Muungwana na lango lililofungwa

Je, lango hilo liliwafungukia na wanawake? Kitabu cha pili nacho kina sehemu nane: Mavazi, Mwenendo, Maneno ya Heshima, Staha, Sifa, Mapenzi, Uungwana na Heshima. Orodha hizo mbili zikiwekwa sambamba zasema mengi kabla hata hatujaufunua ukurasa wa kwanza. Mwanamume ameandikiwa Malezi, Kazi, Burudani na Marafiki. Mwanamke hakuandikiwa hata moja katika hayo. Yeye huanza na Mavazi, naye hupimwa kwa Sifa, yaani kwa yale yasemwayo na watu wengine. Mwanamume aambiwa afanye nini; mwanamke aambiwa aonekane vipi.

Katika sehemu ya Mavazi, Brathwait akumbusha kwamba binadamu walianza kuvaa nguo baada ya dhambi ya Adamu na Hawa; kwa hiyo kujivunia nguo ni kujivunia alama ya aibu. Kwingineko kitabuni amshauri mwanamke asitoe maoni juu ya mambo makubwa ya dini na ya dola, na asifia ukimya wake kuwa ndio ufasaha wenye mvuto zaidi. Twapaswa kuyasoma maneno hayo pamoja na habari za wakati wake. Januari mwaka 1620, Mfalme James aliwaamuru makasisi wa London wahubiri dhidi ya wanawake waliokata nywele fupi na kuvaa kofia pana na majambia kama wanaume. Mtu hakatazi jambo ambalo hakuna alitendaye. Agizo la kunyamaza latuthibitishia kwamba wapo waliokuwa wakisema.

Nao walisema kwa maandishi. Mwaka 1615 Joseph Swetnam alikuwa ametoa kijitabu cha kuwatukana wanawake. Mwaka 1617 binti mmoja wa kasisi, Rachel Speght, ambaye alikuwa bado hajafikia sana umri wa utu uzima, alimjibu kwa kitabu chenye jina lake mwenyewe, akizitumia hoja za Biblia ileile aliyoitumia Swetnam. Na mwaka 1673 Bathsua Makin, aliyewahi kuwa mwalimu wa Binti Elizabeth, mtoto wa Charles wa Kwanza, alitoa insha ya kutetea elimu ya mabibi waungwana: lugha, hesabu na sayansi. Mwaka huo wa 1673 ndio aliofariki Brathwait. Neno Malezi, ambalo yeye alilitia katika orodha ya wanaume na kuliacha katika orodha ya wanawake, mwanamke mwalimu alilirudisha mahali pake.

Wako wengine waliobaki nje kabisa, wala hawakuandikiwa kitabu chao: watumishi, wakulima na vibarua, ambao ndio waliowapa waungwana nafasi ya kuisoma adabu. Katika viapo vilivyokusanywa nchini mwaka 1641 na 1642, kiasi cha wanaume 7 katika kila 10 walitia alama kwa kuwa hawakuweza kuandika majina yao. Na wanawake wasioweza walikuwa wengi zaidi. Kitabu chenye lango ni lango kwa ajua kusoma na mwenye fedha ya kukinunua. Kwa aliyebaki, ua uliendelea kuwa ua.

Mtihani wa mwaka 1641

Brathwait alikitabaruku kitabu cha mwaka 1630 kwa Thomas Wentworth, aliyekuwa Rais wa Baraza la Kaskazini, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika sehemu ile ya nchi. Na kile cha mwaka 1631 alikitabaruku kwa mke wa bwana huyo. Mwaka 1641 vitabu viwili viliunganishwa vikatolewa kwa umbo kubwa la fahari. Lakini katika mwaka huohuo, tarehe 12 Mei, Wentworth, ambaye sasa alikuwa na cheo cha Ali wa Strafford, alikatwa kichwa London mbele ya umati mkubwa wa watu. Bunge lilikuwa limemhukumu, na mfalme wake, aliyemwahidi kwamba hatadhurika, alitia saini.

Mwaka uliofuata nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1649 mfalme naye aliuawa kwa hukumu, na Baraza la Malodi likafutwa. Katika jeshi la Bunge walikuwemo watu walioinuka hadi vyeo vya juu bila ya kuwa na ukoo wa kutajika. Brathwait alikuwa upande wa mfalme, upande ulioshindwa. Aliishi akaona utawala wa kifalme ukirejeshwa mwaka 1660, na akafariki akiwa mzee wa miaka 85 hivi. Hatusemi kwamba vitabu vya adabu vilileta vita; sababu za vita vile ni nyingi, nazo ni za kodi, dini na mamlaka. Twasema tu kwamba tabaka lililokuwa likiuziana heshima kwa hesabu ya pensi 8 kwa siku lilikuwa tayari limewafundisha watu wote kuuliza heshima hiyo ina thamani gani. Brathwait aliisikia hatari hiyo, akataka kuizuia kwa kuwahimiza wakubwa wawe wema. Wachache walimsikiliza.

Tufundishe nini?

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, hasa tunaofundisha nje ya pwani, historia hii haiko mbali kama tunavyoweza kudhani. Adabu twaifundisha, na lugha sanifu twaifundisha, na vyote viwili vyaweza kuwa lango au ua. Mwanafunzi anayekuja na Kingwana cha nyumbani kwao, akakutana na mwalimu anayemcheka kwa kusema kwake, amefundishwa kwamba Kiswahili ni nembo ya ukoo ambayo yeye hakuzaliwa nayo. Mwanafunzi yuleyule, akisahihishwa kwa upole na kuelezwa sababu, amepewa kitabu chenye lango. Maneno yanayosahihishwa ni yaleyale. Tofauti iko katika nia ya anayesahihisha.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba tunaposoma darasani maandishi yoyote ya adabu, ya kwetu au ya kigeni, tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu. Ni nani anayeambiwa anyamaze? Ni nani anayefanya kazi ili wengine wapate nafasi ya kuwa na adabu? Na je, anayefundisha yuko radhi kuitwa muungwana pamoja na mwanafunzi wake? Brathwait aliyajibu maswali hayo nusunusu, na nusu aliyoijibu ilikuwa njema: kwamba hakuna aliyesamehewa kufanya kazi, na kwamba nafasi kubwa haimfanyi mtu kuwa mwema. Nusu iliyobaki waliijibu wengine, akina Rachel Speght na Bathsua Makin, kwa kusema pale walipotakiwa kunyamaza. Wasomaji wa bulletini hii wana madarasa. Na darasani ndipo patakapojulikana kama methali yetu ya uungwana twaiamini au twaisema tu.